Jinsi njiwa wa mashindano wanavyotayarishwa na kusafirishwa

MASHINDANO ya njiwa ni mchezo ambao mshindani hupelekwa kwa lori mamia ya kilomita kutoka nyumbani, kisha huachiliwa ajitafutie njia ya kurudi. Mchezo huu ulipata sura yake ya sasa nchini Ubelgiji katika karne ya 19, na umeenea hadi Uholanzi, Uingereza, Ujerumani na Uchina.

Fedha zinazohusika si haba. Mnamo Novemba 2020, njiwa jike wa Ubelgiji aitwaye New Kim aliuzwa katika mnada kwa Euro milioni 1.6. Hata hivyo, nasaba bora pekee haimrudishi ndege nyumbani.

Matayarisho

Kinda huvishwa pete yenye nambari anapotimiza takriban wiki moja. Mguu ukishanenepa, pete hiyo haivuki tena. Akianza kuruka, hufunzwa kuizoea njia kwa kuachiliwa kilomita chache kutoka bandani, kisha umbali huongezwa hatua kwa hatua.

Lishe hufuata ratiba ya mbio. Mapema katika wiki, wafugaji wengi hutoa chakula chepesi kama shayiri. Siku ya safari inapokaribia, mahindi na mbegu zenye mafuta huongezwa ili njiwa awe na akiba ya nguvu, hasa akikabiliwa na safari ndefu.

Wapo pia wanaotumia mbinu ya ujane. Dume hutenganishwa na mwenzake, kisha huonyeshwa kwa muda mfupi tu kabla ya kuondoka, ili awe na hamu ya kurejea upesi.

Kabla ya kupakiwa, kila ndege hukaguliwa mabawa, macho na koo. Mgonjwa, au aliyepukutika manyoya makuu ya bawa, huachwa nyumbani. Aidha, chanjo dhidi ya virusi vya paramyxo ni muhimu, kwa kuwa njiwa wa mabanda mengi hukutanishwa mahali pamoja.

Safarini

Njiwa husajiliwa katika klabu, ambako pete yenye chipu ya kielektroniki huoanishwa na saa ya mwenye banda. Kisha huwekwa katika matundu, kwa kawaida madume mbali na majike. Msongamano, joto na kiu ni maadui wakubwa, hivyo lori sharti lipitishe hewa na liwe na vyombo vya maji. Katika mbio za kimataifa za Barcelona, Uhispania, ambapo baadhi ya njiwa huruka zaidi ya kilomita 1,000, ndege hukaa matunduni kwa siku kadhaa na hulishwa humo humo.

Uamuzi mgumu zaidi ni wa msimamizi anayewafungulia. Huchunguza mawingu, mvua, ukungu na upepo katika njia nzima, si pale alipo tu. Akikosea, hasara huwa kubwa. Mnamo Juni 1997, zaidi ya njiwa 60,000 waliachiliwa Nantes, Ufaransa, kuelekea Uingereza, na maelfu hawakuonekana tena. Baadaye mwanasayansi mmoja wa Marekani alitoa nadharia kwamba mshindo wa ndege ya Concorde ndio uliowapotosha.

Mshindi

Kwa kuwa mabanda hayako mahali pamoja, mshindi si lazima awe wa kwanza kutua. Umbali hugawanywa kwa muda. Njiwa aliyeruka kilomita 300 kwa dakika 240 amepata mita 1,250 kwa dakika. Aliyeruka kilomita 315 kwa dakika 250 amepata mita 1,260, na ndiye mshindi.

Udanganyifu nao haukosekani. Mwaka wa 2018, wanaume wawili walihukumiwa nchini Uchina baada ya kubainika kuwa mwaka uliotangulia walisafirisha njiwa wao hadi Shanghai kwa treni ya kasi, wakiwa wamefichwa katika paketi za maziwa.

Njiwa anayerejea hupewa maji, chakula chepesi na mapumziko. Aliyechoka akatua kwa mgeni naye hahitaji zaidi ya hayo: maji, nafaka kidogo na mtu wa kuisoma nambari ya pete yake na kuijulisha klabu.