Chembe ya moyo: ngiri iliyosingiziwa kwa miaka mingi

Kiswahili kinaita "chembe ya moyo" ile sehemu ya juu ya tumbo, pale mbavu zinapokutana. Moyo wenyewe haupo pale. Lakini aliyewahi kuamka saa nane usiku, moto unapanda kutoka pale hadi kooni, anaelewa kwa nini wazee waliita hivyo. Neva za maumivu za moyo na za umio huingia kwenye uti wa mgongo karibu sehemu zilezile, basi ubongo unachanganyikiwa. Ndiyo maana ukisema kifua kinauma, daktari anapima moyo kwanza, na yuko sahihi kabisa. Moyo ukionekana mzima ndipo wanaitwa watuhumiwa wengine, na mmoja wao ni ngiri ya kiwambo, ambayo hospitalini utasikia ikiitwa henia ya haitasi.

Kiwambo ni ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Kina tundu ambamo umio hupita kwenda kwenye mfuko wa chakula. Tundu likilegea, sehemu ya mfuko hupanda kifuani. Ni hivyo tu.

Zamani ngiri hii ilionekana zaidi kwa maiti. Henry Bowditch wa Boston, aliyechapisha kitabu kizima kuhusu ngiri za kiwambo mwaka 1853, alitegemea sana taarifa za waliopasuliwa baada ya kufa. Eksirei ilipogunduliwa mwaka 1895, mambo yakabadilika: mgonjwa anakunywa uji mweupe wa bariamu, na mfuko wake wa chakula unaonekana akiwa hai. Mwaka 1926 Åke Åkerlund, mtaalamu wa eksirei wa Sweden, akaipa ngiri hii jina na kuigawa katika aina tatu.

Sasa hapa ndipo ujanja ulipoingia. Kitu kikishaonekana kwenye picha, ni rahisi kukipa lawama zote. Tundu lipo, maumivu yapo, basi tundu ndilo linaloleta maumivu! Madaktari wa upasuaji wakawa wanavuta mfuko chini na kushona tundu. Kumbe watu wengi wana ngiri hii na hawahisi chochote.

Aliyebadili swali ni Philip Allison, daktari wa upasuaji wa Leeds, Uingereza. Mwaka 1951 alieleza kwamba kwenye ngiri ya kuteleza, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, shida si nyama kubanwa kwenye tundu. Shida ni kwamba mlango kati ya umio na mfuko hauzuii tena, tindikali inapanda, na umio unaungua. Yaani kiungulia chenyewe ndicho ugonjwa, ngiri imefungua tu njia. (Ile aina nyingine, ambapo mfuko unapanda pembeni mwa umio, ni kesi tofauti: huo unaweza kujisokota, na hiyo ni dharura.) Allison akabuni upasuaji wa kurudisha mlango mahali pake.

Wakati huohuo, Rudolf Nissen alikuwa na kumbukumbu ya zamani. Aliondoka Ujerumani mwaka 1933 Wanazi waliposhika madaraka, akafanya kazi Istanbul. Huko, mwaka 1936, alimkata kijana mmoja sehemu ya chini ya umio, na ili kulinda mshono akaufunika kwa mfuko wa chakula. Miaka mingi baadaye mgonjwa yule hakuwa na kiungulia. Nissen, akiwa sasa Basel, Uswisi, akajaribu kwa makusudi mwaka 1955: akazungusha sehemu ya juu ya mfuko kwenye umio kama skafu shingoni. Hakushughulika na tundu, alitengeneza mlango.

Allison naye hakukaa kimya akisubiri sifa. Aliwatafuta wagonjwa wake mwenyewe wa miaka 20, akawapima upya, na mwaka 1973 akachapisha matokeo: kwa karibu nusu yao, ngiri au tindikali ilikuwa imerudi. Nani alimlazimisha? Hakuna. Wengi wangehesabu waliopona wakafunga faili.

Leo wagonjwa wengi hawafiki kwenye kisu; wanapewa dawa za kupunguza tindikali. Wanaohitaji upasuaji, skafu ya Nissen bado inatumika, na tangu 1991 hufanywa kwa kamera kupitia matundu madogo tumboni.