Shuu za Nyuma

Gari ikianza kusaga nyuma, wengi hufanya kitu kimoja: wanaongeza sauti ya redio. Huku Kinakomba, kando ya mto Tana, nimeona Probox ya abiria ikitibiwa hivyo wiki mbili nzima. Mimi nasema hiyo kelele ina historia, na ukijua ilikotoka utajua unafungua nini, na kwa nini usipulize ukishafungua.

Jina lenyewe kwanza. Mafundi huita kile chuma kilichopinda kama mwezi mchanga "shuu", yaani kiatu. Inasimuliwa kwamba Mwingereza mmoja, Herbert Frood, aliyeanza kazi zake 1897 huko Derbyshire, aliona waendesha mikokoteni ya farasi wakifunga buti kuukuu kwenye breki ili washuke vilima salama. Akatafuta kitu cha kushinda buti. Alianza na vitambaa vilivyolowekwa gundi, na kufikia 1908 akawa anatumia asbesto, kwa sababu ilistahimili moto. Hiyo asbesto tutairudia.

Mwaka wa 1902 kulitokea mambo mawili. Ufaransa, Louis Renault alitengeneza breki ya dramu: shuu mbili zinatanuka ndani ya chungu cha chuma kinachozunguka na gurudumu. Uingereza, Frederick Lanchester akapata hataza ya breki ya diski, lakini yake ilibana chuma kwa shaba na ilipiga mayowe ya kutisha. Kelele ya nyuma ya gari lako ni ndugu ya ile: chuma kwa chuma, bila kitu katikati. Ukanda wa akina Frood ndio uliokuja kuinyamazisha.

Magari mengi ya mwanzo yalikuwa na breki nyuma tu. Za mbele zilienea miaka ya 1920, na zikachukua kazi kubwa, maana ukikanyaga breki uzito wote unaegemea mbele. Halafu 1953 Jaguar ikashinda mbio za Le Mans ikiwa na diski. (Mwaka huohuo huku kwetu ilianza Coronation Safari, ile iliyokuja kuwa Safari Rally.) Diski zikatwaa magurudumu ya mbele, dramu zikasukumwa nyuma, kwa sababu ni rahisi kutengeneza na hendibreki inakaa ndani yake bila shida. Ndiyo maana Probox, gari iliyotoka 2002, nyuma bado inatembea na wazo la Renault lenye miaka 100.

Sasa, dramu ni chungu chenye kifuniko. Tope haliingii ovyo, lakini likiingia halitoki. Na Tana inajua kuleta tope. Mto huu unabeba udongo wa Aberdare na Mlima Kenya mpaka huku chini, na mafuriko kama ya El Niño ya 1997 na 1998, au ya 2024, yakishuka yanaacha unga laini kila mahali. Nyuma ya dramu, kwenye ile sahani ya chuma, kuna tundu dogo la kurekebishia shuu, limezibwa na kizibo cha mpira. Kizibo kikianguka hakuna anayekitafuta, na udongo unapata mlango.

Kwa hiyo sikiliza kabla ya kushika spana. Ikikwaruza asubuhi baada ya mvua halafu ikanyamaza, hiyo ni kutu tu. Ikisugua hata bila kukanyaga breki na gurudumu likapata moto, shuku hendibreki iliyoganda. Ikisaga kila ukikanyaga, na unaihisi kwenye sakafu, ukanda umeisha. Hapo usibebe mtu tena.

Yule dereva hatimaye aliileta kwa fundi chini ya mwembe, nami nikajisogeza (nilisoma uhandisi mwaka mmoja na nusu kabla ya kuacha chuo, hamu haikuisha). Tuliweka mawe magurudumu ya mbele, tukapiga jeki, tukaweka stendi chini maana jeki si ya kuaminiwa, tukaachia hendibreki. Dramu ilikataa kutoka. Fundi akafunga bolti mbili kwenye yale matundu yenye uzi usoni mwake, akazikaza kwa zamu, ikajisukuma yenyewe. Ndani: ukanda umeisha mpaka ribiti zimetokeza, na zimechimba mitaro kwenye dramu. Kizibo hakuna. Vumbi jeusi, tele.

Fundi akavuta pumzi apulize.

"Mzee, ngoja kidogo. Tulowanishe kwanza."

"Maji kwenye breki, kijana?"

Nikamweleza. Mwaka wa 1924 Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto huko Rochdale, Uingereza, alikufa akiwa na miaka 33, na Dkt. William Cooke akaandika kuhusu mapafu yake katika jarida la madaktari. Uingereza ilikuja kupiga marufuku asbesto yote 1999. Hesabu: miaka 75. Katikati, mafundi wa dunia nzima walikuwa wanapuliza dramu. Siku hizi ukanda mwingi hauna asbesto, lakini shuu isiyo na jina, iliyobandikwa ukanda mpya mara tatu na watu watatu, nani atakuapia?

Alimimina maji polepole, akafuta kwa kitambaa. Upande wa pili ukanda ulikuwa haujaisha, ila shuu hubadilishwa pande zote mbili, la sivyo gari itavuta upande ukikanyaga. Dramu ikatengwa ipelekwe kukerezwa, kama unene wake bado unaruhusu.

"Nimeanza hii kazi nikiwa na miaka kumi na tano," alisema, akiwa ameinama kwenye gurudumu la pili. "Hakuna mtu alituambia."

Akanyoosha mkono bila kugeuka. "Lete hayo maji."