Ulaya walitafuta jiko, Bagamoyo walitafuta upepo

Wadau, Jumapili iliyopita nilisali kwetu Vigwaza, misa ya saa nne. Kanisa letu la kigango ni tofali za saruji na bati tupu, dari hakuna. Katikati ya mahubiri bibi mmoja mbele yangu akaanguka. Joto tu. Akina mama wakamtoa chini ya mwembe, wakampepea kwa khanga mpaka akazinduka. Baada ya misa mwenyekiti akatangaza mchango wa feni, elfu tano kila kaya.

Wenzetu Ulaya shida yao ilikuwa kinyume. Makanisa yao ya kale ya mawe hayakuwa na moto wowote, watu walisali na makoti yao, wengine wakibeba vijisanduku vya makaa vya kupashia miguu. Karne ya 19 ndipo majiko ya chuma yakaenea. La Goldsworthy Gurney, la mwaka 1856, lilikuwa limezungukwa na mbavu za chuma za kusambaza joto, na chini lina beseni la maji ili hewa isikauke. Mengine yapo hadi leo katika kanisa kuu la Ely, Uingereza. Charles Portway wa Halstead yeye jiko lake aliliita Tortoise, yaani kobe, kwa kuwa liliunguza makaa polepole. (Mzungu naye anajua haraka haraka haina baraka!)

Lakini hewa ya moto hupanda. Kanisa likiwa refu, joto linakwenda kukaa juu darini, muumini chini anaendelea kutetemeka.

Sasa njoo Bagamoyo. Padre Antoine Horner, aliyefungua misioni mwaka 1868, alitoka Alsace, kwenye theluji. Huku hakuhitaji jiko. Kanisa la kwanza la 1872, ambalo mwili wa Livingstone ulifikishwa Februari 1874, na lile kubwa la 1910 hadi 1914, yana kuta nene za mawe, na lile kubwa limeinuliwa juu hasa. Hewa ileile inayomkimbia Mwingereza hapa inapanda na kutuachia ubaridi chini, na kuta nene zinachelewa kupata moto. Unguja, pale Mkunazini, Askofu Steere alianza kanisa lake mwaka 1873, akalimwagia paa la zege la saruji na matumbawe yaliyopondwa. Watu walibashiri litaanguka. Bado liko.

Bati letu la Vigwaza liko chini, na likishapigwa jua la saa tano linageuka jiko lenyewe. Feni itazungusha joto lilelile.

Nilimwambia mwenyekiti tuanze na dari, na matundu ya kutolea hewa juu kabisa ya kuta. Akaniuliza, "Na mvua ya masika, kijana wangu, itapita wapi?" Sikuwa na jibu. Jumamosi tunakwenda Bagamoyo na fundi, tukaangalie.