Sahihi isiyo na shahidi

Mei 2024 Ninja Turtles, kobe wa katuni, walitimiza miaka 40. Nakala za kitabu chao cha kwanza, kilichouzwa dola moja na nusu mwaka 1984, sasa huenda mnadani kwa makumi ya maelfu ya dola zikiwa zimetunzwa vizuri. Zinazowaniwa zaidi, na zinazozusha ubishi zaidi, ni zile zenye sahihi za wachoraji wake, Kevin Eastman na Peter Laird.

Eastman amesimulia mara nyingi jinsi mambo yalivyoanza. Usiku mmoja wa Novemba 1983, mjini Dover, jimbo la New Hampshire, alichora kobe aliyejifunga kitambaa usoni na kushika silaha, ili kumchekesha mwenzake. Laird naye akachora wake, na kicheko hicho kikazaa kobe wanne. Hawakuwa na mchapishaji. Fedha za marejesho ya kodi na mkopo wa jamaa wa Eastman zilitosha kuchapa nakala 3,000 hivi, nyeusi na nyeupe. Yaliyofuata, katuni za televisheni na sinema ya 1990, kila mtoto wa enzi hizo anayajua.

Wakusanyaji walikuwa na sababu ya kuogopa ulaghai. Toleo la kwanza la Cerebus, kitabu kingine cha katuni, cha Dave Sim wa Kanada, lilitoka mwaka 1977 kwa nakala 2,000 tu, na miaka michache baadaye likaghushiwa. Wajuzi hufunua jalada kwanza: upande wa ndani wa nakala halisi hauna mng'ao, wa bandia unang'aa.

Hofu hiyo ikahamia kwenye sahihi. Mwaka 2000 ilianza kazi kampuni ya Marekani iitwayo CGC, inayokagua vitabu vya katuni, kuvipa alama na kuvifungia ndani ya plastiki ngumu. Ikaweka sharti kwamba sahihi itambuliwe tu ikiwa mtu wa kampuni hiyo ameshuhudia kalamu ikigusa karatasi. Kitabu cha namna hiyo hupewa lebo ya manjano. Kisicho na shahidi, kwa miaka mingi, kilipewa lebo ya kijani, na sahihi ikahesabiwa kuwa maandishi yaliyochafua jalada.

Kwa hiyo msomaji aliyepanga foleni mwaka 1985, akasalimiana na Laird na kusainiwa kitabu chake, aliambiwa kwamba kina doa. Huo ni uonevu. Wakati ule hapakuwa na shahidi wa kuitwa, na sahihi ilikuwa shukrani ya mchoraji kwa mtu aliyetoa fedha zake kununua kazi ya watu wasiojulikana. Wenye minada wanatetea sharti hilo kwa jina la uhakika, lakini faida ya mauzo hayo haimfikii mchoraji, wala kitabu kilichofungiwa hakisomwi tena.

Angalau Eastman na Laird walimiliki kobe wao wenyewe, jambo ambalo wachoraji wengi wa kampuni kubwa hawakulipata. Eastman alimuuzia mwenzake hisa zake, na mwaka 2009 Laird akawauza kobe kwa kampuni ya Viacom kwa dola milioni 60. Eastman bado huhudhuria maonyesho na kusaini vitabu vya mashabiki. Laird huonekana kwa nadra, hivyo anayetaka sahihi zote mbili mbele ya shahidi hana budi kungoja siku atakayokubali kutoka.