Msimu wa 2020: Wanyama Alipocheza "Nyumbani" Ugenini

Kuna msimu mmoja wa soka ambao sisi Wakenya tuliupitia juu juu tu, na enyewe tulikosa somo kubwa. Nazungumzia MLS, ligi kuu ya Marekani na Kanada, mwaka wa 2020. Wengi wetu tulianza kuifuata Machi mwaka huo kwa sababu moja tu: Victor Wanyama, nahodha wetu wa Harambee Stars, alikuwa ametoka Tottenham akaenda Montreal Impact, kwa kocha Thierry Henry.

Siku chache baadaye, corona ikasimamisha ligi.

Kwanza nieleze vile hiyo ligi imepangwa. Timu zimegawanywa mara mbili: Kanda ya Mashariki na Kanda ya Magharibi. Kila kanda ina jedwali lake, halafu bora wa kila upande wanaingia mchujo mpaka fainali. Zamani nilikuwa nauchekelea huo mpango. Ligi gani hii ina vichwa viwili? Lakini angalia ramani. Seattle hadi Miami ni zaidi ya kilomita 4,000. Sisi tunalalamika Nairobi hadi Mombasa, ambayo hata haifiki 500.

Sasa, 2020 ndio kanda zilionyesha kazi yake. Timu zilikuwa 26, na kila moja ilipangiwa mechi 34. Julai zikapelekwa Orlando, Florida, kucheza zikiwa zimejitenga na watu. Dallas na Nashville ziliondolewa baada ya wachezaji wao kupatikana na corona. Mechi za makundi za huko zikahesabiwa kwa jedwali la ligi. Baadaye timu ziliporudi makwao, zilicheza zaidi na majirani wa kanda yao ili safari zipungue. Nashville, waliokuwa wameanza msimu Magharibi, walijikuta wamehamishiwa Mashariki.

Halafu kulikuwa na shida ya mpaka. Kanada ilikuwa imefunga, kwa hivyo Montreal, Toronto na Vancouver walichezeana wenyewe kwanza, kisha wakahamia Marekani. "Nyumbani" kwa Montreal kukawa Harrison, New Jersey, uwanja wa New York Red Bulls. Fikiria Gor wakiambiwa uwanja wao wa nyumbani uko Kampala mpaka msimu uishe. Na wachezaji wana watoto, wana wazazi. Februari 2021 Henry mwenyewe aliacha kazi, akisema hangeweza kuendelea kukaa mbali na watoto wake walioko London.

Je, ulikuwa msimu wa haki? Si kabisa. Timu nyingi zilimaliza na mechi 23, lakini Colorado walicheza 18 pekee kwa sababu corona iliwaingilia kambini. Ikabidi pointi zigawanywe kwa idadi ya mechi, na hiyo kanuni ilitangazwa msimu ukikaribia kuisha. Kwa hivyo hawakuwa malaika. Lakini mambo yaliamuliwa uwanjani. Siku ya mwisho Montreal waliwafunga D.C. United 3-2 wakaingia mchujo wakiwa nafasi ya 9 Mashariki, kisha wakatolewa na New England 2-1 kwa bao la dakika za nyongeza. Tarehe 12 Desemba, Columbus wakawapiga Seattle 3-0 kwenye fainali.

Na sisi? Tarehe 30 Aprili 2020, FKF ilitangaza ligi imeisha na Gor Mahia ni mabingwa. Gor walikuwa wamecheza mechi ngapi? 23! Idadi ile ile. Lakini zetu zilifuatwa na kesi mbele ya jopo la mizozo ya michezo.

Brathe yangu ni wa K'Ogalo damu, na mpaka leo hataki kuskia hii stori. Mimi ni wa Ingwe, kwa hivyo najua nina chuki kidogo. Gor walikuwa wanaongoza jedwali, hilo sikatai. Pia sisemi tungefanya kama Wamarekani. Pesa ya kupima wachezaji kila mara na kuwalaza hotelini miezi yote hatukuwa nayo.

Lakini kuandika kanuni hakuhitaji ndege ya kukodi. Ligi ikikatika, ni mechi ngapi zinatosha kumpata bingwa? Nani anashuka? Ikibidi tupunguze safari, tunagawanya kanda vipi? Division One yetu tayari ina Kanda A na Kanda B, kwa hivyo hili si jambo geni kwetu.

Wanyama na wenzake walihama nchi nzima ndio msimu uishie uwanjani. Wetu uliishia ofisini. Wewe unaonaje: tukisimama tena kesho, tumeandika mahali tutamalizaje? Kama uko na jibu, weka hapo chini. Watu wa Gor, pole pole tafadhali.