Kabla ya Puto Kulikuwa na Orpul: Historia ya Kula Taratibu, Kutoka Arash Hadi Mloganzila

Picha ni zilezile. Kushoto staa wa Bongo akiwa na mashavu na kitambi. Kulia ni yuleyule miezi sita baadaye, gauni linamning'inia, na chini komenti zimejaa. "Kakata tumbo huyo!" "Hapana, kaweka puto." "Anaumwa, mwacheni." Mwenyewe kanyamaza, au anasema ni mazoezi na maji ya limao. Umbea unaishia hapo. Swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza ni hili: sasa hivi huyo dada anakulaje?

Maana kazi yenyewe iko huko. Daktari anamaliza yake kwa saa chache. Mgonjwa anabaki na maisha yote ya kujifunza upya kitu alichodhani anakijua tangu utotoni, yaani kutafuna. Na ukiifuatilia historia ya kitu hicho, inapita mahali ambapo wengi wasingepategemea: Arash, kata ya wafugaji wa Kimaasai katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, ng'ambo ya mbuga za Serengeti.

Lakini kwanza kisu. Mwaka 1954, huko Minnesota nchini Marekani, madaktari walieleza upasuaji wa kuruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba ili chakula kipite bila kufyonzwa. Wazo lilikuwa tamu: kula unavyotaka, mwili usichukue. Watu walipungua kweli. Ila waliharisha bila kikomo, wakapata mawe kwenye figo, na wengine ini likafeli. Njia hiyo ikaja kuachwa. Mwaka 1966, daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alikuja na njia nyingine. Ilikuwa imeonekana kwamba wagonjwa waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda hupungua na hawanenepi tena kirahisi. Basi yeye akaliacha tumbo na kifuko kidogo tu cha kupokelea chakula. Hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Ukikata utumbo, mgonjwa anaweza kuendelea kufakamia. Ukipunguza tumbo, namna anavyokula inakuwa sehemu ya matibabu, apende asipende.

Puto nalo lina misukosuko yake. La kwanza kupata kibali Marekani lilitoka mwaka 1985, na halikudumu sokoni hata miaka mitano. Lilikuwa linasinyaa, linashuka na kuziba utumbo, linachubua tumbo kwa ndani. Yaliyokuja baadaye ni laini na hujazwa maji ya chumvi yaliyotiwa rangi ya buluu. Likipasuka, mkojo unabadilika rangi na mgonjwa anajua mapema kuna jambo. Puto la aina hiyo huwekwa kwa mpira unaopita mdomoni, bila kupasua, na kwa kawaida hutolewa baada ya miezi sita hivi. Hilo ndilo lililoleta gumzo mjini tangu 2022, Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila ilipoanza kulitoa kama huduma. Wateja walikuwepo tayari. Takwimu za kitaifa za afya zinasema mwaka 2010 wanawake 22 kati ya 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, na kufikia 2015-16 walikuwa 28. Dar es Salaam iko juu zaidi ya hapo, na anayebisha akapime foleni ya chipsi mayai saa mbili usiku.

Sasa rudi kwenye mdomo. Tumbo lililokatwa likabaki mfano wa mkono wa shati hubeba takribani kikombe kidogo cha chai. Kifuko cha baipasi mwanzoni hubeba vijiko vichache tu. Taarifa ya shibe kutoka tumboni kwenda kwenye ubongo huchukua kama dakika 20. Mtu aliyezoea kumaliza sahani ndani ya dakika saba anakuwa ameshajaza na kupitiliza kabla ubongo haujapata habari. Matokeo yake ni maumivu chini ya kidari, mate mazito yanayofurika mdomoni, kisha kutapika mbele za watu. Akinywa soda ndiyo kabisa. Kwa waliofanyiwa baipasi, sukari ikishuka utumbo kwa kasi huleta jasho, moyo kwenda mbio na kizunguzungu, na mtu anaweza kulala chini hivihivi ukumbini.

Arash ya zamani haikuwa na daktari wa lishe, lakini ilikuwa na sheria. Morani hakutakiwa kula peke yake. Hata maziwa alikunywa akiwa na mwenzake wa rika. Nyama aliyoila haikutakiwa kuonwa na wanawake walioolewa. Maziwa na nyama havikuchanganywa siku moja. Ukiwa na njaa saa hii, unamtafuta mwenzako kwanza, na mpaka umpate, njaa yenyewe imeshajifunza adabu. Maziwa yalikaa kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, yakanywewa yakiwa na ladha ya moshi.

Halafu kuna orpul, kambi ya nyama porini. Vijana na wazee huondoka na ng'ombe, humchinja mbali na boma, na hukaa huko siku kadhaa mpaka aishe. Supu inachemshwa na magamba na mizizi ya miti, ukiwemo mgunga wanaouita olkiloriti. Kila kipande kina mwenyewe kwa desturi, hakuna kugombania. Na angalia wanavyokula: mtu anang'ata ncha ya nyama, anaishika kwa mkono, na kuikata kwa kisu karibu kabisa na midomo. Tonge linaloingia ni dogo kila mara. Wagonjwa wa Mloganzila wanaoambiwa wakate nyama iwe saizi ya ukucha wangelijua somo hilo.

Lakini isije ikageuzwa hadithi ya peponi. Orpul ni karamu, na kwenye karamu watu hushiba mpaka basi. Nyuma ya karamu kulikuwa na njaa ya kweli. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipoingia Ngorongoro Machi 1892 aliwakuta Wamaasai waliobaki mifupa, baada ya sotoka kumaliza ng'ombe na ndui kumaliza watu. Miaka ile wenyewe wanaiita emutai, maangamizi. Katika nchi yenye kumbukumbu hiyo, mnene ni mtu aliyebarikiwa, na mzazi aliyetoka kujifungua hulishwa mafuta ya kondoo ili arudishe mwili. Kujinyima kwa makusudi nako kulikuwepo: mwanamke mwenye mimba kubwa alipunguziwa chakula miezi ya mwisho ili mtoto asiwe mkubwa akashindwa kupita. Desturi hiyo madaktari wanaipinga, na wana haki. Ila wakunga wale walikuwa na woga wao, maana gari la kuwahi upasuaji halikuwepo.

Mapema miaka ya 1960 daktari George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt aliwapima wanaume wa Kimaasai Tanganyika. Mwaka 1964 alitangaza kilichowashangaza wengi: wanaishi kwa maziwa na nyama, lakini lehemu kwenye damu iko chini na ugonjwa wa moyo hauonekani. Mwaka 1972 akaongeza jambo ambalo wapenda nyama mitandaoni hulisahau. Katika miili 50 ya wanaume aliyoichunguza baada ya kifo, mafuta kwenye mishipa yalikuwepo. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa ilikuwa mipana. Yeye alifikiri sababu ni kutembea. Morani wa Arash anayefuata ng'ombe kutwa hakuwa na haja ya mtu wa kumhesabia hatua.

Kutembea huko kulihitaji ardhi. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa Serengeti walishahamishwa, na eneo la Ngorongoro likawekewa mamlaka yake. Juni 2022, kilomita za mraba 1,500 za Loliondo ziliwekewa mipaka kwa ajili ya wanyamapori, na Arash ni miongoni mwa kata zilizoguswa. Serikali ilisema ni kulinda ikolojia ya Serengeti. Wafugaji walisema ni malisho yao. Vyovyote mtu atakavyoliona, mifugo ikipungua maziwa nayo hupungua, na kinachojaza pengo ni unga wa mahindi na chai yenye vijiko vinne vya sukari. Hiyo ilishaanza miaka mingi kabla ya 2022. Kijana anashuka Arusha au Dar kulinda geti la mtu. Analala mchana, anakula zege kwenye mfuko wa plastiki saa sita usiku, peke yake, amesimama, jicho kwenye simu. Sheria zote za rika zimebaki kule mlimani.

Staa wa ile picha ya kushoto naye alikuwa hivyohivyo, kasoro rungu. Anakula garini kati ya shoo mbili, anakula studio alfajiri, anakula akijirekodi. Baada ya upasuaji anapewa ratiba: siku za mwanzo vitu vya majimaji, wiki kadhaa vya kusaga, kisha vilaini, ndipo vigumu. Kijiko cha mtoto. Kutafuna mara 20 au 30 na kuweka kijiko chini kati ya tonge na tonge. Hakuna maji pamoja na chakula. Asubiri kama nusu saa. Samaki, mayai na maharage kwanza, wanga mwisho. Waliokatwa wanaongezewa vitamini na madini ya kudumu, maana tumbo dogo halitoshelezi B12 na chuma. Simu isiwepo mezani, na hilo wengi wanasema ni gumu kuliko njaa.

Ugali huwasumbua sana, kwa sababu unarudi kuwa donge. Pilau hukwama mtu akiongea huku anameza. Nyama choma huwa karibu ya mwisho kuruhusiwa, na wapo wanaoizika kabisa. Wanaofanikiwa nayo huiagiza ikiwa laini, hukata vipande vidogo sana, na huomba mtu wa kula naye ili mazungumzo yawachelewesha. Puto likishatolewa, au tumbo likishatanuka kidogo baada ya mwaka wa pili, kizuizi cha mwili kinalegea na kinachobaki ni mazoea tu. Hapo ndipo kilo huanza kurudi kimyakimya kwa waliohesabu miezi bila kujifunza kula, na picha ya tatu hakuna anayeiposti.