Kutoka Boyeri hadi Anekise: Historia ya Nyumba ya Nyuma katika Mji wa Lubumbashi

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, kiwanja cha kukaa huitwa lupango. Upande wa mbele husimama nyumba kubwa, na upande wa nyuma, karibu na ukuta wa jirani, husimama nyumba ndogo ya chumba kimoja, viwili au vitatu, ambayo wenyeji huiita anekise. Neno hilo limetoka katika Kifaransa, nalo lamaanisha kitu kilichoambatanishwa na kingine kilicho kikubwa zaidi. Je, nyumba hiyo ni kiambatisho tu, au ni makao kamili ya watu wenye haki zao? Swali hili ni la sheria, lakini mizizi yake imo katika historia ya mji wenyewe.

Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, kwa ajili ya shaba iliyochimbwa na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Wakuu wa kikoloni waliugawa mji huo sehemu mbili: mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, na kati yao waliacha eneo tupu lisilojengwa. Sababu iliyotangazwa ilikuwa afya, kwani ilidaiwa kwamba mbu wa malaria hawangeweza kuruka umbali huo. Hata hivyo mpango huo ulikuwa na ufa tangu mwanzo. Bwana wa Kizungu aliyetaka Waafrika wakae mbali alitaka pia mpishi awashe moto alfajiri na mfuaji awe karibu. Kwa hiyo nyuma ya nyumba nyingi za Wazungu kulijengwa kibanda cha mtumishi, kilichoitwa boyeri. Mambo ambayo ramani iliyatenga, jiko liliyakutanisha.

Boyeri haikuwa nyumba ya familia. Mtumishi alikaa humo kwa sababu ya kazi yake, na kazi ilipokwisha, makao nayo yalikwisha. Usiku hakuruhusiwa kutembea katika mji wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa. Maisha ya watumishi hao hayakupotea bila kuandikwa. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, na maandishi hayo yalichapishwa kwa wasomi mwaka 1990 na Johannes Fabian pamoja na wenzake. Hivyo, mojawapo ya historia muhimu za mji huo zilizoandikwa kwa Kiswahili ilitoka kwa watu wa jikoni na wa nyuma ya nyumba.

Katika mitaa ya Waafrika mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Amri ya mwaka 1931 iliunda vituo vilivyokuwa nje ya utawala wa kimila, vyenye uongozi wao chini ya macho ya serikali. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu waliongezeka sana, na mitaa mipya, kama Katuba na Ruashi, ilipanuka. Mwaka 1952 serikali iliunda Ofisi ya Miji ya Kiafrika, ambayo ilijenga nyumba nyingi kwa mpango mmoja, na mwaka 1953 amri nyingine iliwafungulia Wakongo njia ya kumiliki nyumba na ardhi binafsi mjini. Tarehe 20 Juni 1957 ilitolewa amri kuhusu mpango wa miji, iliyoendelea kutumika hata baada ya uhuru wa mwaka 1960.

Wachoraji wa nyumba hizo walikuwa na picha moja kichwani: baba, mama na watoto. Mpwa aliyekuja kusoma, bibi aliyefiwa na mume, na kijana aliyeoa bila kuwa na kiwanja hawakuwamo katika picha hiyo. Kwa hiyo familia zilianza kujenga nyuma. Nyumba ndogo ambayo katika mji wa Wazungu ilikuwa alama ya utumwa wa kazi, katika lupango la Mwafrika ikawa mahali pa kumpokea ndugu.

Mji ulipata jina la Lubumbashi mwaka 1966. Mwaka 1973 ulileta mabadiliko mawili. Sheria ya tarehe 20 Julai ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya Dola, na kwamba raia hupewa haki ya kuitumia, ambayo kwa Mkongo inaweza kuwa ya kudumu. Kisha tarehe 30 Novemba ikatangazwa hatua ya kuwapa Wazaire mali za wageni. Nyumba za Wazungu zilipata wenyewe wapya, na boyeri zikapata wakaaji ambao hawakuwa watumishi tena.

Halafu ikaja njaa ya mshahara. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilitoa chini ya tani 50,000 mwaka 1994. Hapo wenye nyumba wengi waligeuza mpangilio wa zamani: walipangisha nyumba kubwa, nao wenyewe wakahamia anekise. Mwenye lupango akalala mahali palipokuwa pa mtumishi, na kodi ya nyumba ya mbele ikalipa karo ya watoto.

Sheria haikusahau jengo la namna hii, lakini ililitazama kwa jicho la ardhi. Hati ya uandikishaji huhusu kiwanja na mwenye haki juu yake. Anekise haipati hati yake pekee mpaka kiwanja kigawanywe kisheria. Agizo la waziri la tarehe 26 Juni 2013 lilidai kibali kabla ya kujenga, na anayeomba kibali sharti aonyeshe hati yake ya ardhi na michoro ya jengo. Hapo ndipo shida ilipo. Mtoto anayejenga nyuma ya nyumba ya baba yake hana hati. Hati ni ya baba. Baba akifariki, Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 huwaweka watoto wote wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi. Yule aliyenunua matofali na mabati kwa jasho lake hujikuta akigawana na ndugu zake nyumba aliyoidhani kuwa yake, na asipokuwa na maandishi yoyote, atategemea huruma ya baraza la ukoo.

Kwa sababu hiyo kibali cha kujenga hakipaswi kuhesabiwa kuwa ushuru mwingine tu. Ni mahali ambapo familia hulazimika kusema waziwazi mambo ambayo kwa desturi hunyamaziwa: nani mwenye kiwanja, nani anayelipa, nani atakaa, na nini kitatokea siku ya kufiwa. Aidha mchoro hulazimisha maswali ya mwili: choo kitachimbwa umbali gani na kisima, maji ya mvua yatapita wapi, na kama moto ukiwaka, watu wa nyuma watatoka kwa njia ipi iwapo lango ni moja. Mkataba ulioandikwa kati ya baba na mtoto, ukishuhudiwa na ndugu wengine kabla ya tofali la kwanza, hugharimu kidogo kuliko kesi moja mahakamani.

Historia ya nyumba ya nyuma, basi, ni historia ya watu waliokaa mahali ambapo ramani haikuwaandika. Mkoloni aliwahitaji lakini hakutaka kuwahesabu. Mchoraji wa miaka ya 1950 hakuwawazia. Mrithi wa leo huwakumbuka siku ya mgawanyo. Mabadiliko ya jina kutoka boyeri hadi anekise yalikuwa hatua, kwani mkaaji wa nyuma aliacha kuwa mtumishi akawa ndugu, mpangaji, au mwenye lupango mwenyewe. Hatua iliyobaki ni kuandika jina lake.